Mbuzi wa kafara wa Holman Hunt hakungoja kisu

Timu ikifungwa mechi tatu na kocha akatimuliwa, tunasema kafanywa mbuzi wa kafara. Na kwa kuwa kafara kwetu huja na kisu, wengi wakiuona mchoro wa Mwingereza William Holman Hunt, mbuzi aliyesimama peke yake kwenye chumvi, hudhani mnyama huyo anangoja kuchinjwa.

Sivyo. Walawi 16 ina mbuzi wawili, nao hupigiwa kura: mmoja wa Bwana, mmoja wa Azazeli (jina linalohusishwa na jangwa). Anayechinjwa ni wa Bwana. Wa pili, kuhani mkuu humwekea mikono yote miwili kichwani, akaungama maovu ya Israeli, kisha mtu akampeleka jangwani akiwa hai. Hunt alimchora huyu wa pili. (Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inasema enzi za Hekalu la Pili alikuwa akisukumwa kutoka jabalini, hata hapo, kisu hakuna.) Neno letu lenyewe halina kosa. Kafara, tuliyoipata kwa Waarabu, ni ndugu wa “Kippur” ya Yom Kippur, Siku ya Upatanisho ya Wayahudi: maana yake ni kufutiwa dhambi, na kuchinja ni njia mojawapo tu.

Wengine husema: “Ile nyekundu kwenye pembe ni damu.” Ni sufu iliyotiwa rangi. Mapokeo ya Kiyahudi yanasema ikigeuka nyeupe, dhambi zimesamehewa; ndipo Isaya 1:18 inapokumbukwa, nyekundu kuwa nyeupe kama theluji. Katika mchoro bado ni nyekundu.

“Mandhari ile kaibuni akiwa London.” Hapana. Mwaka 1854 Hunt alikwenda hadi Usdum, kusini mwa Bahari ya Chumvi, akachora ufukweni na bunduki karibu yake. Milima ya zambarau na ganda la chumvi aliviona kwa macho. Ila mbuzi aliyekwenda naye alikufa, ikabidi atafute mwingine Yerusalemu, amsimamishe kwenye sinia la chumvi na tope vilivyotoka Bahari ya Chumvi. Mtazame miguu: imelegea, kwato zimezama, mdomo wazi.

“Ni picha ya mnyama tu.” Hata Ernest Gambart, mfanyabiashara wa sanaa, hakuona zaidi ya mbuzi. Hunt alimkusudia Kristo anayebeba dhambi za wengine, na jibu aliliandika kwenye fremu: Isaya 53:4 na Walawi 16:22. Mimi namwelewa Gambart. Funika fremu kwa mkono uone kama fumbo litabaki.

Kutokana na hilo huzuka kosa jingine, kuuchukulia mchoro kama mafundisho ya Kiyahudi. Ibada ni yao; tafsiri ni ya Mkristo wa karne ya 19. Wala Wayahudi hawapeleki tena mbuzi jangwani: Hekalu lilibomolewa mwaka 70, na Yom Kippur ya leo ni ya kufunga, sala na toba.

Mwisho, ukikuta mtandaoni mbuzi mweusi mwenye upinde wa mvua nyuma yake, usiseme ni bandia. Hunt alichora mara mbili. Huo ni mdogo, uko Manchester. Mkubwa wenye mbuzi mweupe, ulioonyeshwa kwenye maonyesho ya Royal Academy, London, mwaka 1856, uko jumba la sanaa la Lady Lever, Port Sunlight, Uingereza, na hauna upinde wowote.