Maana ya "ardent" na asili yake

Ukikuta katika maandishi ya Kiingereza mtu ameitwa "ardent supporter", jua huyo si shabiki wa msimu. Ni shabiki wa kutupwa, timu ishinde isishinde. "Ardent" ni kivumishi cha mtu, au hisia, yenye shauku kali: mpenzi, muumini, mtetezi wa hoja fulani asiyekubali kunyamaza.

Chimbuko lake ni kitenzi cha Kilatini "ardere", yaani kuwaka au kuungua. Humo ndimo lilimotoka "ardens", kitu ambacho sasa hivi kinawaka. Lilipita kwenye Kifaransa cha kale, kisha likaingia Kiingereza katika karne ya 14. Wala si Waingereza waliohamisha moto huo kutoka kwenye kuni kwenda moyoni. Warumi wenyewe walikwisha kusema kwamba aliyependa kupindukia, au aliyefura kwa hasira, anawaka.

Shina hilohilo limezaa "ardour", nomino yake, na pia "arson", kosa la kuchoma mali moto kwa makusudi. Mmoja anasifiwa, mwingine anafungwa jela.

Kuna msemo mmoja unaowatega wafasiri: "ardent spirits". Anayetafsiri harakaharaka ataandika "roho zenye shauku", kumbe ni pombe kali zinazotengenezwa kwa mvuke, kama brandi na viski. Ziliitwa hivyo kwa sababu ukiziwasha zinashika moto. Wahispania nao wana "aguardiente", maji yanayowaka. Chama cha kupinga ulevi kilichoundwa Boston, Marekani, mwaka 1826 kilianza kwa kuzipiga vita hizo. Mvinyo na bia viliachwa kwanza.

Siku hizi msemo huo umechakaa, ila kivumishi chenyewe bado kipo, hasa katika maandishi. Kwenye mazungumzo ya kawaida kinasikika rasmi kidogo. Tena kina majirani wa kuangaliwa. "Fervent" limetoka kwenye "fervere", kuchemka, na hupenda kukaa na sala na matumaini. "Avid" ni la "avidus", mwenye uchu, ndiyo maana mtu asiyeshiba vitabu huitwa "avid reader". Ukimwita "ardent reader" utaeleweka, ila Mwingereza atahisi umechagua neno la jirani.