Yamaha XVS650: inauliwa na visivyoonekana

Injini ya XVS650, pikipiki aina ya kruza ambayo Ulaya inaitwa Drag Star na Marekani V-Star, ni ngumu kufa. Ina silinda mbili za V, cc 649, inapozwa kwa upepo. Haina rejeta wala pampu ya maji. Ikikorofisha mapema, kwanza ninashuku mahali ambapo fundi hakufika kwa kuwa hapafikiki kirahisi.

Filta ya oili ni mfano mzuri. Imekaa mbele ya injini, nyuma ya bomba la ekzosi, na haitoki mpaka bomba lifunguliwe. Matokeo yake oili inabadilishwa, filta inaachwa. Oili peke yake ni lita 2.6, ukibadilisha na filta ni 2.8. Bomba likishafunguliwa weka gasketi mpya pale bomba linapoungana na hedi, maana za zamani zimeshabanwa zikalala. Zikirudishwa zinavujisha, nawe utasikia milipuko kila unapoachia mafuta. Tumia oili ya 10W-40 yenye alama ya JASO MA, yaani ya pikipiki. Klachi inaogelea kwenye oili hiyohiyo, na oili nyingine za magari huifanya iteleze.

Lakini kinachoniuma zaidi ni meno ya gurudumu la nyuma. Pikipiki hii haina cheni: inaendeshwa na shafti, na nguvu inaingia kwenye habu kupitia meno yanayoshikana. Yakikauka yanasagana. Ukitoa gurudumu ukakuta unga mwekundu kama kutu, grisi ilishakwisha siku nyingi. Meno mazima yana kichwa bapa. Yaliyolika yamechongoka kama ya msumeno, na hayo hayaponi kwa grisi. Yakiisha kabisa utaweka gia, shafti itazunguka, tairi litasimama. Kwa hiyo kila tairi linapobadilishwa, futa grisi kuukuu, paka grisi mpya nyembamba, ya molibdeni, na chunga isirukie kwenye ngoma ya breki iliyo upande wa pili. Hapohapo badilisha oili ya difu ya nyuma: lita 0.19 tu, ya gia, aina ya hipoidi GL-4.

Vali zinasetiwa injini ikiwa baridi kabisa, pistoni ikiwa juu kwenye kompresheni, roka zote mbili (mikono inayosukuma vali) zikichezacheza. Nafasi ya vali ya kuingiza ni milimita 0.07 hadi 0.12, ya kutoa moshi 0.12 hadi 0.17, hii ya pili mimi huiacha karibu na 0.15. Shika skrubu isizunguke unapokaza nati, kisha rudisha fila geji (bamba jembamba la kupimia nafasi) upime tena, kwa sababu nati huivuta skrubu. Wengi hufurahia injini isiyogonga. Vali iliyonyamaza ndiyo ya kuogopa: kiti chake huzama taratibu, nafasi inakwisha, vali haifungi barabara, moto unapenya ukingoni na kuiunguza. Kugonga kidogo kwa vali hakuui injini.

Ikiwa pikipiki itasimama zaidi ya mwezi, fungua skrubu chini ya kabureta zote mbili umwage petroli, la sivyo jeti ndogo (vitundu vya kupitishia petroli) zitaziba kabla ya kitu kingine chochote kuharibika.