Je, wajua kwa nini matembezi ya gari Toscana hupangwa kuanzia maegeshoni?

Ramani ya Italia ya kati humdanganya mgeni. Kutoka Pienza hadi Montalcino, miji miwili midogo ya kusini mwa Toscana, ni kilomita 24 hivi tu. Anayewapangia wazazi wake matembezi ya siku moja hupiga hesabu ya haraka: asubuhi mji huu, mchana ule, jioni wa tatu, na wa nne tukijaliwa. Siku yenyewe ikifika, barabara inapinda na kupanda, gari linaachwa nje ya ukuta wa mji, na mzee wa miaka 74 anasimama chini ya mwinuko wa mawe akiuliza kanisa liko wapi. Liko juu. Sehemu hizi karibu kila kitu kiko juu.

Kwa nini basi watu walijenga kule, ilhali bonde lenye rutuba liko chini yao?

Sababu ya kwanza ni usalama. Volterra, Cortona, Perugia na Orvieto zilikuwa miji ya Waetruski, watu wa kale wa Italia ya kati, kabla Roma haijaitawala Italia, na kilima kilikuwa nusu ya ngome hata kabla ya kujengwa ukuta. Karne nyingi baadaye, Siena na Firenze zilipokuwa zikipigana, Siena ilijenga Monteriggioni juu ya kilima kidogo katika karne ya 13 ili kuwachunga majirani zake. Kuta zake za duara bado zimesimama.

Sababu ya pili msomaji wa pwani yetu ataielewa haraka: malaria. Bonde la Chiana na nyanda za Maremma zilikuwa vinamasi kwa karne nyingi, na waliolala bondeni waliugua. Wakulima walishuka kulima, wakapanda kulala. Kazi ya kukausha bonde la Chiana ilipamba moto karne ya 18 na ya 19, Maremma ikaendelea hadi karne ya 20, na Shirika la Afya Duniani lilitangaza Italia haina malaria mwaka 1970 tu. Kufikia hapo miji ilishakaa vilimani kwa zaidi ya miaka elfu mbili, na njia zake zilishapimwa kwa miguu ya watu na punda.

Ndiyo maana gari haliingii. Miji mingi ya zamani ina eneo ambalo magari yasiyo na kibali hayaruhusiwi, likiandikwa ZTL kwenye bango lenye duara jeupe na ukingo mwekundu. Hakuna kizuizi wala askari pale, ni kamera inayosoma namba ya gari. Baadhi ya malango yana ubao wa taa ulioandikwa "varco attivo". Hapo kamera zinafanya kazi, usipite. Wageni wengi hudhani lango liko wazi kwao, wakaingia. Faini hufika nyumbani baada ya miezi, na kampuni iliyokukodisha gari hukutoza ada yake kwa kutoa jina lako kwa wenye mji. Ukizunguka ukitafuta njia ya kutokea na kupita kamera mara mbili, unaweza kulipa mara mbili.

Kwa hiyo mimi hushauri mpango uanzie mwisho. Kabla ya kuuliza mji una nini cha kutazama, uliza gari litaachwa wapi, na kutoka pale hadi kiti cha kwanza cha kupumzikia kuna mwendo gani, wa kupanda au tambarare. Jibu la swali hilo ndilo linaloamua kama mzee atafurahi au atavumilia, na mimi sikubali mzee apelekwe likizo ya kuvumilia.

Orvieto, katika mkoa jirani wa Umbria, ni mfano mzuri wa mji uliolitatua jambo hili zamani. Umekaa juu ya mwamba wenye kingo zilizokatika wima, na ukiutazama kutoka barabara kuu ya A1 utasema mzee mwenye magoti mabovu hawezi kufika. Lakini karibu na stesheni ya reli, chini ya mwamba, kuna maegesho makubwa, na ng'ambo yake treni ndogo ya kuvutwa kwa kebo inapanda ukingoni kwa dakika chache. Ilianza mwaka 1888 ikiendeshwa kwa maji: behewa la juu lilijazwa maji tangini, uzito wake ukalishusha, na lilipokuwa likishuka likalivuta la chini kupanda. Siku hizi inatumia umeme. Ukifika juu, basi dogo linakupeleka hadi uwanja wa Kanisa Kuu. Mzee ametoka kwenye gari hadi mbele ya kanisa bila kupanda kilima kwa miguu. Upande wa pili wa mji, kwenye maegesho ya Campo della Fiera, kuna lifti na ngazi za umeme.

Perugia, mji mwingine wa Umbria, nayo ina ngazi za umeme tangu mwaka 1983, na hizo zenyewe ni matembezi. Zinaanzia Piazza Partigiani na kupita ndani ya Rocca Paolina, ngome ambayo Papa Paulo III aliijenga miaka ya 1540 juu ya mtaa wa watu baada ya kuushinda mji. Unapanda huku ukitazama vichochoro na milango ya nyumba zilizofunikwa chini ya ngome karibu miaka 500 iliyopita. Assisi pia ina ngazi za umeme, kutoka maegesho ya Mojano.

Montepulciano inataka tahadhari zaidi. Barabara yake kuu inaanzia Porta al Prato na kupanda mfululizo hadi Piazza Grande, na uzuri wa maduka ya njiani humfanya mtu asitambue amepanda kiasi gani mpaka pumzi imkatike. Kuna basi dogo la kwenda juu. Panda nalo, kisha mshuke taratibu kwa miguu. Civita di Bagnoregio ni nzuri sana, lakini huingiliwa kwa daraja refu la waenda kwa miguu lenye mwinuko mkali mwishoni. Mwenye shida ya moyo au magoti na aiangalie kutoka ng'ambo, mandhari yake yako hukohuko.

Nikiulizwa siku moja ya kuanzia, nachagua Pienza. Papa Pius II alizaliwa hapo kikiwa kijiji kiitwacho Corsignano, na mwaka 1459 alianza kukijenga upya kwa mpango mmoja: uwanja, kanisa na majumba ya kifahari kuuzunguka. Mji uko juu, ila ukishafika ni tambarare. Nyuma ya kanisa kuna njia kando ya ukuta inayotazama bonde la Orcia lote hadi mlima Amiata, na madukani kuna jibini ya maziwa ya kondoo unayoweza kuonja kabla ya kununua. Chakula cha mchana kuleni San Quirico d'Orcia, kilomita 10 hivi kutoka hapo. Alasiri nendeni Bagno Vignoni, kijiji ambacho badala ya uwanja katikati kina bwawa la maji ya moto yatokayo ardhini. Kuoga humo hairuhusiwi, ila kukaa kandoni kunatosha. Ukilala karibu na Pienza, siku nzima haifiki kilomita 50 kwenda na kurudi.

Saa nazo zina amri yake. Jiko la mgahawa wa kijijini hupokea wateja kati ya saa sita na nusu na saa nane na nusu mchana. Ukifika saa tisa utapewa kahawa. Makanisa na maduka mengi hufungwa saa hizo hadi saa tisa na nusu au saa kumi. Mzee anayemeza dawa pamoja na chakula asicheleweshwe, basi mezani mfike mapema. Julai na Agosti joto hufika nyuzi 35 na zaidi; Mei na Septemba ni miezi ya huruma.

Kwenye maegesho, mistari ya buluu ni ya kulipia, myeupe kwa kawaida ni bure, ya njano ina wenyewe. Dereva awashushe wazee nje kidogo ya lango, penye kivuli na kiti, kisha aende kuegesha. Katika kona za Chianti, eneo la vilima kati ya Firenze na Siena, anayepata kichefuchefu akae kiti cha mbele.

Aliyejifunzia udereva Kenya, Tanzania au Uganda akumbuke kwamba Italia huendeshwa upande wa kulia, na kwamba magari mengi ya kukodi ni ya gia za mkono. La otomatiki liagizwe mapema. Baadhi ya kampuni huweka ukomo wa umri wa dereva, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Na mwenye leseni ya nchi hizo anatakiwa awe na kibali cha kimataifa cha udereva pamoja na leseni yake. Kibali hicho kinatolewa nchini kwako kabla ya safari. Ukitua Roma bila hicho unaweza kunyimwa gari uliloshalilipia.