Intaneti ilizaliwa na kero ya ofisini

Wengi wameaminishwa kwamba intaneti ilibuniwa ili jeshi la Marekani liendelee kuwasiliana hata nchi ikipigwa bomu la nyuklia. Ni kweli Paul Baran wa shirika la utafiti la RAND aliliwazia jambo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lakini ARPANET, mtandao uliokuja kujengwa, ulitokana na kero ya kawaida kabisa. Mwaka 1966 Bob Taylor, ofisa wa utafiti katika Wizara ya Ulinzi, alikuwa na vifaa vitatu vyenye kibodi ofisini kwake, kila kimoja kikizungumza na kompyuta moja tu: ya Santa Monica, ya Berkeley, na ya chuo cha MIT. Akimaliza na moja, sharti ainuke ahamie kifaa kingine. Kompyuta zilikuwa ghali mno, na kila kundi la watafiti liliomba fedha za kununua yake. Taylor akaona afadhali ziunganishwe, watu wazitumie kwa pamoja.

Ndani ya ARPANET, ujumbe haukupita mzima. Ulikatwa vipande, kila kipande kikabeba anwani ya kinakokwenda, na ukaunganishwa upya ulipofika. Hivyo laini moja iliwatosha wengi, wakati simu za enzi hizo zilishika laini nzima hata wazungumzaji wakinyamaza.

Oktoba 29, 1969, saa nne na nusu usiku, katika jaribio la kwanza la mtandao huo, Charley Kline wa chuo kikuu cha UCLA, Los Angeles, alianza kuandika LOGIN ili aingie kwenye kompyuta ya taasisi ya utafiti ya SRI, Menlo Park. Bill Duvall alikuwa kwenye simu upande wa pili, akimthibitishia: L imefika, O imefika. Kufika G, mfumo wa SRI ukagoma. Saa moja hivi baadaye wakajaribu tena, ikakubali.

Miaka ya 1970 ikazuka mitandao ya redio na ya setilaiti, kila mmoja na taratibu zake. Kwangu mimi, uvumbuzi mkubwa uko hapa. Wanasayansi wa kompyuta Vint Cerf na Bob Kahn, katika makala yao ya 1974, hawakutaka mtandao mmoja umeze mingine. Walipendekeza kanuni za pamoja za kupitisha vipande kutoka mtandao huu hadi ule. Kanuni hizo, TCP/IP, zikawa za lazima ndani ya ARPANET Januari 1, 1983, na simu yako bado inazifuata. Nyaraka zake ziliachwa wazi, bila ada, ndiyo maana vyuo na kampuni za nchi nyingine viliweza kujiunga kwa programu walizoandika wenyewe.