Mama Fulani ni nani? Weka jina kwa kwilti kabla haijatoka mkononi mwako

Kuna dada alikuja kwa ofisi yetu hapa Kisumu amebeba gunia, ndani iko na kwilti, ile blanketi kubwa ya viraka ya kufunika kitanda, ameitoa kwa sanduku la mamake kule Vihiga baada ya mazishi. Mimi kazi yangu ni kutunza vitambaa vya zamani kwa makumbusho, kwa hivyo watu huniletea vitu. Swali lake lilikuwa moja tu, nani alishona hii? Akampigia shangazi yake simu pale pale, shangazi akajibu bila hata kufikiria, "Si hiyo ni ya Mama Fulani." Tukafurahi kama dakika mbili hivi. Kumbe kwa hiyo kijiji akina Mama Fulani walikuwa watatu, wote chama kimoja cha kanisa, wote walikuwa na cherehani, na wote wameshatuacha.

Hii ndiyo shida yetu huku. Mwanamke akishazaa jina lake linawekwa kando, anakuwa mama wa fulani, ama kwa Waluo anaitwa nyar Alego, nyar Seme, yaani binti wa kule alikotoka. Ni heshima na siipingi, hata mimi naitwa hivyo na napenda. Lakini kwilti imeandikwa "Mama Fulani" peke yake, miaka 40 ikipita ni kama haijaandikwa kitu. Andika jina lako lote venye liko kwa kitambulisho, halafu chini yake uweke hilo la mtaani ukitaka, yote mawili yanasaidia, moja linatafutika kwa karatasi na lingine linakumbukwa na watu.

Tukikosa jina tunabaki kusoma kitambaa, na kitambaa kinasema mengi lakini hakisemi mtu. Kwanza tunatafuta kiraka kipya kuliko vyote, juu kwilti haiwezi kuwa imeshonwa kabla kitambaa chake cha mwisho kutengenezwa. Lakini inaweza kuwa imeshonwa miaka mingi baadaye, si unajua mama zetu venye huweka vipande vya kitenge kwa mfuko mpaka vijae. Tunaangalia ukingo wa kitenge kama maandishi ya kiwanda hayakukatwa, tunaangalia rangi za yunifomu za shule, leso za kampeni, nyuzi, matundu ya sindano kama ni ya mkono ama ya cherehani. Kwa hiyo ya Vihiga tulipata kiraka cha yunifomu na kipande cha leso. Siku nzima ya kazi, na tulichopata ni makisio tu. Lebo ingetupa jibu kwa nusu dakika.

Na usiniambie ati kuandika kwa kitambaa si mila yetu. Leso unayojifunga iko na jina lake, yale maneno ya chini, na zile za Mombasa za Kaderdina Hajee Essak, waliofungua biashara 1887, huwa zimechapwa K.H.E. Mali ya Abdulla mpaka leo. Mwenye biashara hajawahi kuona aibu kuweka alama yake. Ni mama aliyekaa miezi minne akiunganisha viraka ndiye anaona haya, ati ataonekana anajigamba!

Wacha niwape mifano miwili ya mbali. Huko Marekani, jimbo la Georgia, kulikuwa na Harriet Powers, mama aliyezaliwa utumwani 1837. Alishona kwilti ya hadithi za Biblia, akaionyesha kwa maonyesho ya pamba ya mji wa Athens mwaka wa 1886. Mwalimu wa sanaa anaitwa Jennie Smith akaitaka, Harriet akakataa kuuza, halafu baadaye maisha yakabana akaitisha dola 10 na akaishia kupata 5. Leo iko kwa makumbusho ya Smithsonian. Sababu ya sisi kujua kila mraba ni hadithi gani ni kwamba Harriet alimweleza mnunuzi, na mnunuzi akaandika. Kazi zake zilizobaki zinazojulikana ziko mbili pekee. Sasa fikiria kama yule mwalimu angekuwa ameichukua tu akaenda nayo.

Huo wa pili ndio huwa unanishika zaidi. 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wajapani walifungia wanawake kwa jela ya Changi, Singapore, na waume zao wakafungiwa kwingine, hakuna barua, hakuna kujua nani yuko hai. Wanawake wakaomba ruhusa ya kushonea majeruhi kwilti. Kila mmoja akapewa kipande kidogo adarizi kitu chake na aweke jina, wakaunganisha vipande 66 kwa kila kwilti, zikawa tatu, na moja ya hizo ilikuwa ya majeruhi wa Kijapani ili askari wasikatae hizo zingine. Zikapelekwa hospitali. Mwanaume aliyeona jina la mkewe pale alijua kwamba yuko hai.

Sasa ufundi. Chukua kipande cha marikani nyeupe, kifue kwanza kitoke ule ugumu wa dukani, kikikauka kilaze juu ya msasa kisiteleze unapoandika. Biro hapana, wino wake uko na mafuta na unatambaa. Maka peni ya ofisini pia hapana, inatanuka na ikipigwa na jua inageuka kahawia. Tafuta kalamu ya wino wa pigmenti, ile imeandikwa haitoki kwa maji, uache ikauke, upitishe pasi ya moto bila mvuke. Hata wino wa zamani uliochanganywa na chuma ulikula vitambaa vingi, unakuta jina limebaki matundu. Kama huna kalamu, darizi kwa uzi, uzi ndio mimi naamini kuliko wino wote. Na tafadhali, karatasi iliyoshikwa na pini si lebo, pini inashika kutu na kutu haitoki.

Andika jina, mji, mwaka ulioanza na uliomaliza, unampa nani na kwa nini, kitambaa ni pamba ama poliesta, na inafuliwa aje. Kama mlishona watano kwa chama, andikeni wote watano, si mwenyekiti peke yake.

Mahali pa kuweka ni nyuma, pembeni chini, lakini mnaouzia wageni sikilizeni hapa. Kuna mama mmoja wa Nakuru aliuzia duka fulani kwilti zake, akaenda siku moja akakuta lebo zimefumuliwa na nyingine zimewekwa. Dawa yake ni kushonea lebo kwa kitambaa cha nyuma kabla hujaunganisha tabaka zote, mishono ya mwisho ipite juu yake, hapo mtu akiitoa anaharibu mali. Wengine hudarizi herufi za jina ndani ya ua ama kona ya mbele penye mtu hawezi kushuku, na mimi nawapigia makofi.

Kwa ile ya zamani uliyorithi usiandike juu ya kitambaa chenyewe. Andika lebo pembeni, ishike kwa mishono midogo ya mkono inayoshika kitambaa cha nyuma pekee, na utenganishe mwaka wa kwilti na mwaka wa lebo. Ukiwa huna uhakika andika "inasemekana", si aibu.

Ile ya Vihiga tuliiwekea hivyo. Imeandikwa ilikotoka, ilikuwa kwa sanduku la nani, na kwamba inasemekana ni kazi ya mmoja wa akina mama watatu. Penye jina la mshonaji tumeacha nafasi. Yule dada bado anapiga simu nyumbani kila Jumapili, amefika kwa wajukuu wa Mama Fulani wa pili.