Kujalidi vitabu kwa ngozi ya binadamu: maana yake, na jinsi inavyothibitishwa

Neno letu "jalada" limetoka Kiarabu, na mzizi wake, jild, maana yake ni ngozi. Kujalidi kitabu, kwa asili ya neno lenyewe, ni kukivika ngozi: ya mbuzi, kondoo, ndama au nguruwe. Dhana inayoelezwa hapa inahusu vitabu vichache duniani ambavyo ngozi hiyo ni ya mtu. Kurasa zake ni karatasi za kawaida, na mara nyingi kitabu kilichapishwa miaka mingi kabla ya kuvikwa ngozi hiyo. Kilicho cha binadamu ni jalada tu.

Habari hii ikitajwa, wengi huwaza wachawi au maharamia. Vitabu vilivyopimwa vinaelekeza kwingine: kwa madaktari. Vingi vilijalidiwa Ulaya na Marekani katika karne ya 19, kwa amri ya daktari aliyependa kukusanya vitabu adimu na ambaye kazi yake ilimpa njia ya kufikia maiti. Mara nyingi marehemu hakuwa ameulizwa, na jamaa zake pia hawakuulizwa.

Sheria nayo ilisaidia. Uingereza, sheria ya 1752 ilikataza maiti ya muuaji kuzikwa kabla ya kupasuliwa na madaktari au kutundikwa hadharani. Ndiyo maana William Corder, aliyenyongwa Bury St Edmunds mwaka 1828, ngozi yake ilitumika kujalidi kitabu kilichosimulia kesi yake mwenyewe. Na ya William Burke, aliyenyongwa Edinburgh mwaka uliofuata, ilitengenezewa kijalada kidogo cha mfukoni. Mwaka 1832 sheria mpya ikawapa madaktari maiti za maskini waliokosa wa kuwachukua. Adhabu iliyokuwa ya wauaji ikawa fungu la wasio na ndugu.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Mary Lynch. Alikuwa mjane mwenye asili ya Ireland, umri wa miaka 28, aliyelazwa katika hospitali ya maskini ya Philadelphia na kufa mwaka 1869. Alikuwa na kifua kikuu, pamoja na minyoo midogo ya trikina, ambayo mtu huipata kwa kula nyama ya nguruwe isiyoiva. Daktari kijana, John Stockton Hough, aliupasua mwili wake, akaiona minyoo hiyo ndani ya misuli, kisha akakata ngozi ya paja na kuitengeneza ndani ya chombo cha kukojolea. Aliihifadhi karibu miaka 20, halafu akajalidia vitabu vitatu. Vyote vinahusu afya ya wanawake.

Ufundi wenyewe haukutofautiana na wa ngozi ya mnyama. Kwanza mafuta na nyama hukwanguliwa upande wa ndani. Ngozi hulowekwa kwenye maji ya chokaa ili nywele zilegee na tabaka la juu libanduke, kisha huoshwa sana. Ndipo hutiwa kwenye maji yenye tanini, inayotoka kwenye magome ya miti au majani ya mti uitwao sumac. Tanini hushikamana na kolajeni, yaani nyuzi za protini zinazoipa ngozi nguvu, na baada ya hapo bakteria hawaiozeshi kwa urahisi. Mwishoni ngozi hukaushwa ikiwa imewambwa, hupunguzwa unene kwa kisu, hupakwa gundi na kulazwa juu ya mbao za jalada. Mafuta yakibaki, madoa hujitokeza. Chokaa isipooshwa vizuri, ngozi hukakamaa na kupasuka penye mkunjo wa mgongo wa kitabu. Tanini isipofika katikati, ngozi huoza kwa ndani huku juu ikionekana nzima.

Ngozi ikishapita hatua hizo zote, jicho haliwezi kuamua. Kwa muda mrefu watu walitegemea vinyweleo: vya nguruwe hukaa vitatuvitatu kama pembetatu, vya binadamu hutawanyika. Lakini ngozi iliyokwanguliwa, ikavutwa, ikashikwashikwa miaka 150, imeshapoteza mpangilio huo. DNA nayo haifai sana, kwa sababu dawa za kutengenezea ngozi huivunjavunja, na kila aliyekishika kitabu ameacha DNA yake juu ya jalada.

Kipimo kinachoaminika ni cha kolajeni. Hunyofolewa chembe ndogo sana ya ngozi, isiyozidi nukta ya mwisho wa sentensi. Hutiwa kimeng'enya cha tripsini, kinachoikata kolajeni vipande vipande, kisha mashine hupima uzito wa kila kipande. Kila jamii ya wanyama ina orodha yake ya uzito, hivyo matokeo hulinganishwa: kondoo, ng'ombe, nguruwe, au binadamu. Kipimo hiki kina mipaka. Hakitenganishi mtu na sokwe, na hakisemi kama mwenye ngozi alikuwa mwanamke au mwanamume, Mzungu au Mwafrika. Anayedai hayo hana budi kuleta ushahidi wa maandishi. Mradi mmoja wa watafiti wa Marekani ulipopima vitabu 31 vilivyodhaniwa kuwa vya namna hii, 18 vilikuwa vya binadamu kweli.

Vilivyoanguka navyo vina funzo. Maktaba ya sheria ya Chuo Kikuu cha Harvard ina kitabu kuhusu sheria za Hispania kilichochapwa mwanzoni mwa karne ya 17. Ndani yake kuna maandishi yanayodai kwamba jalada ni ngozi ya Jonas Wright, aliyechunwa akiwa hai na "Wavuma" mwaka 1632, na kwamba mfalme "Mbesa" ndiye aliyekitoa kitabu. Mwaka 2014 kipimo kilionyesha ngozi ya kondoo. Msomaji wa Kiswahili angeshtuka hata kabla ya kipimo. Wavuma ni watu wa visiwa vya Buvuma, Ziwa Victoria, na jina limeandikwa kwa kiambishi chetu cha wa-. "Mbesa" nalo linakaribiana mno na Mutesa, Kabaka (mfalme) wa Buganda aliyepigana na Wavuma mwaka 1875, vita ambavyo msafiri Henry Morton Stanley aliviandikia. Wazungu walifika Buganda mara ya kwanza mwaka 1862. Kwa maoni yetu, maandishi hayo ni ya mwisho wa karne ya 19 yaliyovikwa tarehe ya uongo, na Waafrika wakabebeshwa unyama ambao haukutokea.

Mwaka huohuo wa 2014, kitabu kingine cha Harvard kilithibitishwa kuwa cha binadamu kweli. Kinahusu roho na maisha baada ya kifo. Daktari Ludovic Bouland wa Ufaransa aliacha humo barua akieleza kwamba kitabu kuhusu roho ya mtu kilistahili vazi la mtu, na kwamba ngozi ilitoka mgongoni mwa mwanamke. Jina la mwanamke hakuliandika. Machi 2024 chuo kilitangaza kuwa kimelibandua jalada hilo, kikaomba radhi kwa jinsi kilivyolitunza, na kuanza kuchunguza mwanamke huyo alikuwa nani, ili mabaki yake yapate mahali pa heshima.