Chambo cha juu si chambo cha bei ya juu

Mpwa wangu anafanya kazi kwenye mashamba ya maua huko Naivasha, na jioni huvua ziwani. Wiki mbili zilizopita alinipigia simu: "Mjomba, ukipita mjini nitafutie chambo cha juu." Nikaingia duka moja la vifaa vya uvuvi hapa Malindi. Kijana wa kaunta akanitolea kisamaki cha plastiki, magamba yamechorwa moja moja, jicho linakutazama mpaka unaona haya. "Hiki ndicho cha juu, ami. Hakuna kinachokizidi." Bei nayo ilikuwa huko huko juu. Nyumbani nikakitia kwenye beseni, kikaelea, roho yangu ikatulia. Jioni nikakijaribu baharini kabla ya kukituma. Nilipoanza kukivuta tu, kikazama kama mnandi.

Basi tuelewane. Chambo cha juu ni chambo cha kutengenezwa kinachofanya kazi yake yote usoni mwa maji, tangu kinapotua mpaka unapokitoa. "Juu" hapo ni mahali, si daraja. Wala si kile "cha juu" cha madalali, yaani faida wanayojiongezea juu ya bei, ingawa nadhani siku ile nilikilipa nacho pia.

Hilo ni kosa dogo, mtu akiambiwa mara moja anaelewa. Linalonikera zaidi ni kudhani kwamba kinachoelea ndicho cha juu. Beseni langu lilinidanganya hapo hapo. Kuelea ni hali ya kitu kilichotulia; kubaki juu ni tabia ya kitu kinachovutwa. Kisamaki kile kilikuwa na ulimi wa plastiki chini ya mdomo, mwembamba, hauna rangi, ukikishika haraka huuoni. Ukikivuta, maji yanausukuma ulimi ule na kichwa kinaelekea chini. Ukiacha kuvuta, kinapanda tena taratibu.

Umbo hilo lina historia yake. Wengine hapa mjini huita kila kisamaki cha plastiki "rapala", kama vile ni jina la aina, kumbe ni jina la mtu. Lauri Rapala alikuwa mvuvi wa Ufini. Aliona kwamba samaki mkubwa hupita katikati ya kundi la wadogo akamrukia yule anayekwenda mrama. Mwaka 1936 akachonga chambo chake kwa koki, akakivisha karatasi ya kung'aa ya chokoleti, na juu yake akapaka negativu za picha alizoziyeyusha. Kiliyumba kama samaki mgonjwa, na ulimi ndio uliokiyumbisha. Kitu cha akili nyingi. Lakini ukikivuta kinashuka, kwa hiyo si cha juu.

Kuna na neno "bandia", ambalo watu hulinunia bure. Wakisikia "chambo bandia" wanafikiria noti bandia, dawa bandia, kitu cha utapeli. Wazee wa pwani walimwita mwanasesere "mtoto wa bandia", na hakuna aliyesema kwamba binti anayembeba mgongoni ametapeliwa. Bandia ni kitu kinachopata uhai kutoka mkononi mwa anayekichezea. Maana hiyo ndiyo inayokaa sawa hapa. Kipande cha ngisi kwenye ndoana kinavua chenyewe kwa harufu, hata wewe ukisinzia chomboni. Chambo bandia ukisinzia nacho kinasinzia. (Na wingi wake ni vyambo, jamani, kama chombo na vyombo. "Machambo" niliyasikia juzi nikajikaza.)

Vyambo vya juu vyenyewe ni vya namna chache. Popa ina mdomo uliobonyea kama kikombe. Ukiishtua inameza hewa na kurusha maji, *pwaa*. Kingine kina umbo la sigara, hakina ulimi wala kikombe. Ukiulegeza mshipi kidogo na kuupiga vipigo vifupi, kichwa kinakwenda kushoto, kulia, kushoto, kama mlevi anayetafuta mlango. Kuna na chura wa mpira aliye mtupu ndani, ndoana zake mbili zimelala mgongoni zikitazama juu, ili apite juu ya magugu bila kunasa. Naivasha huyo ndiye wa kupeleka, kwa sababu samaki aitwaye besi hupenda kujificha kwenye kingo za mafunjo.

Besi si mwenyeji wa ziwa lile. Aliletwa kutoka Marekani mwaka 1929 kwa ajili ya michezo ya uvuvi, akakaa. Huvizia chini ya kivuli akitazama juu, na anachokiona dhidi ya mwanga wa mbingu ni umbo jeusi na mawimbi yanayolizunguka. Magamba yaliyochorwa mgongoni yanamtazama mnunuzi na mawingu. Sisemi sura haina kazi: maji yakiwa maangavu na yametulia, ukubwa na rangi ya tumbo vinahesabika. Lakini mara nyingine hang'ati kwa njaa, anang'ata kwa kukereka. Hapa tunasema hasira ya mkizi furaha ya mvuvi. Besi naye ana hasira zake, na kolekole wetu wa kwenye miamba pia, maana popa inamtoa kwa ugomvi ule ule. Tatizo ni mvuvi. Akiona maji yamelipuka anavuta papo hapo, na chambo kinamrukia usoni. Ungoje mpaka usikie uzito mkononi.

Dukani sikurudi kwa ugomvi. Nilipita juzi kununua chura, nikamwambia kijana kwamba mteja akiuliza cha juu, akitazame mdomoni kwanza. Kikiwa na ulimi, amwambie ni cha kupiga mbizi. Alikitungua kimoja kilichokuwa kikining'inia, akakipindua chali, akaupapasa ule ulimi kwa kidole gumba.

"Kumbe huu ni usukani, ami?"

Ndio, mwanangu. Usukani wa kwenda chini.